Wasindikizaji Wakome Mlangoni

Msomaji, Eldoret kuna baridi ya kumfanya mtu wa Mombasa akumbuke kuandika wasia. Wenyeji wa zamani huuita mji huo Sisibo, kutokana na matamshi ya Kiingereza ya sitini na nne, nambari ya shamba ulipoanzia mji. Mimi sikuupanda mlima huo kwa matembezi. Nilikwenda kutafuta suluhu: mke wa mpwa wangu, harusi yao haijatimiza mwaka, kafunga nguo zake karudi kwa wazazi wake, mtaa wa pili.

Kurani, Suratun Nisaa aya ya 35, yatuamuru tutume waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Wa mume ndiye mimi. Wa mke alikuwa ami yake, mzee wa maneno machache. Tukamwita binti tukamwuliza kosa la mumewe.

"Mjomba," akasema, "mume wangu hana kosa. Ila nimeolewa na watu wawili, na mmoja yuko Mombasa."

Nikainamisha kichwa. Huyo wa Mombasa ni dada yangu! Kila baada ya magharibi humpigia mwanawe simu kumwuliza kala nini, kapikiwa na nani, na mbona sauti yake imekonda.

Asubuhi yake, nilipotoka kusali alfajiri, niliwaona vijana wakipita mbio barabarani, makundi kwa makundi. Nikamkumbuka Eliud Kipchoge, aliyefanya mazoezi miaka mingi huko Kaptagat, si mbali na mji huo. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wenziwe 41 walipokezana kumwekea mwendo na kumkinga upepo. Lakini karibu na utepe walimwachia njia, akamaliza peke yake, akaenda kumkumbatia mkewe.

Naam! Jamaa za bwana harusi ndio hao 41. Kumsindikiza kijana mpaka mlangoni ni wema. Kuingia naye ndani ni balaa.

Nikampigia dada simu nikamweleza hayo. "Kumbe baridi imekuingia kichwani," akasema, akakata.

Adhuhuri binti akarudi kwa mumewe kwa sharti moja: simu ya magharibi aipokee yeye.

Sasa mpwa wangu ndiye alalamikaye. Ati mama na mkazamwana huzungumza mpaka chungu kinaungua, na hapana hata mmoja amwulizaye kala nini. Nimemwambia avumilie. Suluhu ya pili siendi, nauli imekwisha.