Pikipiki ya Zamani na Ukaguzi wa Usalama: Kinachopita na Kinachokwama

Katika Kata ya Mbulumbulu pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo inayomfikisha mgonjwa zahanati usiku wa manane, ndiyo inayoshusha maziwa, maharage na mahindi hadi barabara kuu ya lami upande wa Rhotia, na ndiyo inayowapatia riziki vijana wengi wa Upper Kitete, Kambi ya Faru na vijiji vya jirani. Si ajabu kuikuta pikipiki ambayo imekwisha kupita mikononi mwa wamiliki watatu au wanne na bado inafanya kazi kutwa nzima.

Kutokana na hali hiyo, swali moja huulizwa mara kwa mara vijiweni na kwenye gereji: je, pikipiki ya modeli ya zamani inaweza kutegemewa kupita ukaguzi wa usalama, au mmiliki wake anajisumbua bure? Jibu kwa ufupi ni kwamba inaweza kupita, tena kila mara. Pikipiki ya zamani haikwamishwi na umri wa modeli yake. Hukwamishwa na vitu vichache vinavyochakaa taratibu bila dereva kutambua, na vingi miongoni mwa vitu hivyo ni vya gharama ndogo.

Ukaguzi hupima nini

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, inampa askari mamlaka ya kusimamisha na kukagua chombo cha moto, na inamtaka mmiliki kuhakikisha kwamba chombo chake kiko katika hali salama kinapokuwa barabarani. Wapo wananchi wanaodhani kwamba wajibu huo uliondoka mwaka 2017, ilipofutwa ada ya mwaka ya leseni ya chombo cha moto. Kilichofutwa ni ada hiyo peke yake. Wajibu wa kuwa na chombo salama uko palepale.

Kinachopimwa katika ukaguzi ni hali ya chombo siku hiyo: breki za mbele na za nyuma, taa kubwa, taa ya breki, indiketa, honi, vioo vya pembeni, matairi, usukani, shokapu, cheni, fremu na ekzosi. Hayo ndiyo mambo yanayoamua kama pikipiki itasimama inapotakiwa kusimama, itaonekana inapotakiwa kuonekana, na itafuata njia anayoitaka dereva. Injini yenye nguvu na mlio mzuri haifidii upungufu wa lolote kati ya hayo.

Uzoefu wa nchi nyingine unaonyesha jambo hilohilo. Nchini Uingereza, pikipiki iliyotimiza miaka 3 hukaguliwa kila mwaka na matokeo ya jumla hutangazwa. Kundi la kasoro linaloongoza kwa kukwamisha pikipiki huko ni taa na ishara. Ukaguzi huo haufungui injini kutazama hali yake ya ndani. Tena, tangu Mei 2018, pikipiki zilizozidi miaka 40 na ambazo hazijabadilishwa sana zimesamehewa ukaguzi huo wa kila mwaka, ingawa mmiliki bado anawajibika kisheria kwa usalama wa chombo chake. Msamaha huo haufai kuigwa hapa bila kufikiri. Pikipiki kongwe za huko kwa kawaida hutunzwa ndani na kutolewa siku chache kwa mwaka, ilhali pikipiki ya Mbulumbulu hubeba abiria na magunia siku zote za wiki.

Mfano wa Honda CG125

Modeli inayofaa kwa mfano ni Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976. Ilibuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na kupata matengenezo kwa nadra. Wahandisi wake hawakuweka kemshafti juu ya kichwa cha injini. Walitumia vijiti vya kusukuma vali, mfumo ambao huvumilia zaidi pale oili inapocheleweshwa kubadilishwa. Cheni nayo ilifunikwa kabisa kwa kava ili isipate vumbi wala matope. Baadaye viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi, na pikipiki nyingi za bei nafuu zilizoingia Afrika Mashariki zina injini ya asili hiyo, ingawa tangi lina jina jingine.

Urahisi huo wa muundo una faida mbili kwa mtu anayejiandaa na ukaguzi. Kwanza, fundi yeyote mwenye spana za kawaida anaweza kuihudumia. Pili, kwa kuwa injini na sehemu zake zimeigwa sana, vipuri havipatikani kwa taabu. Kwa hiyo kasoro nyingi zinazoonekana katika modeli ya namna hii zinaweza kurekebishwa siku moja kabla ya ukaguzi. Pamoja na hayo, yapo maeneo manne ambako miaka mingi ya kazi huacha alama.

Pale uzee unapojitokeza

Eneo la kwanza ni umeme. Matoleo ya mwanzo ya CG125 yalitumia umeme wa volti 6, na yaliyofuata volti 12. Ili kuwasha balbu ya nguvu ileile, waya wa volti 6 hulazimika kupitisha mkondo mara mbili ya ule wa volti 12. Kiungo kimoja chenye kutu kinatosha kuifanya taa kubwa iwe hafifu kama ya kibatari. Hata katika pikipiki za volti 12, waya zilizoungwa ovyo kwa miaka mingi ndizo hufanya taa ya breki iwake leo na kukataa kesho. Mara nyingi tiba yake si kununua taa mpya. Inatosha kusafisha viungo, kukaza waya wa ethi unaofungwa kwenye fremu, na kubadilisha swichi ndogo ya breki.

Eneo la pili ni breki. Pikipiki nyingi za modeli za zamani zina breki za shuu, zile zinazobana ndani ya kitovu cha gurudumu. Shuu huisha kidogo kidogo, na kwa kuwa dereva hukaza nati ya kurekebishia kila inapolegea, anaweza asijue kwamba zimefika mwisho. Pikipiki nyingi za aina hii zina mshale mdogo kwenye mkono wa breki, na alama pembeni yake. Breki inapokanyagwa kikamilifu na mshale ukafika kwenye alama, shuu zimekwisha na hakuna nati itakayozirudisha.

Eneo la tatu ni usukani. Beringi za shingo ya usukani hupigwa kila gurudumu la mbele linapoingia shimoni. Baada ya miaka kadhaa, gololi huchimba vijishimo vidogo mahali zinapokaa, hasa pale usukani unaponyooka. Dereva huhisi kama usukani unanasa katikati, kisha hulizoea tatizo hilo. Mkaguzi hulitambua kwa sekunde chache, kwa kuinua gurudumu la mbele na kugeuza usukani polepole.

Eneo la nne, ambalo ni zito kuliko yote, ni fremu. Pikipiki ya aina ya CG125 ina uzito wa takriban kilo 100, yaani sawa na gunia moja la mahindi la kilo 100. Kuweka gunia hilo nyuma ya dereva ni kuibebesha pikipiki uzito mzima wa nafsi yake, na wote huangukia sehemu ya nyuma. Mapaipi yanayoshikilia siti, keria na shokapu za nyuma hupata nyufa, nazo huchomelewa. Kuchomelea kwa fundi stadi kunaweza kudumu, lakini fremu iliyochomelewa mara kwa mara mahali pamoja, au iliyopinda, haina budi kupumzishwa. Hapa ndipo pikipiki ya zamani huanguka kwa haki katika ukaguzi, na kuibembeleza ipite ni kumhatarisha abiria asiyejua kilichofichwa chini ya rangi.

Barabara za kata na uchakavu wake

Mbulumbulu ni nchi ya miinuko, upande mmoja ukipakana na msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro na upande mwingine ukitelemkia ukingo wa Bonde la Ufa. Wakati wa kiangazi vumbi huingia kwenye cheni, ndani ya breki na katika nyaya za klachi. Wakati wa masika udongo huteleza, na asubuhi za ukungu dereva haoni mbali wala haonekani kutoka mbali.

Mazingira hayo huzipa kasoro ndogo uzito mkubwa. Mzigo mzito wa nyuma hulipunguzia uzito gurudumu la mbele, na usukani uliolegea hukosa utulivu hasa wakati wa kupanda. Wakati wa kuteremka, mwendo ukiongezeka maradufu, umbali unaohitajika ili breki zisimamishe chombo huongezeka mara nne. Breki za shuu zilizoingia maji baada ya kuvuka korongo hushika kwa unyonge mpaka zikauke, hivyo dereva mwangalifu huzibana taratibu kwa hatua chache baada ya kuvuka ili zipate joto. Taa ya nyuma isiyowaka, ambayo mchana wa jua huonekana kuwa jambo dogo, ndani ya ukungu ni tofauti kati ya kufika nyumbani na kugongwa kwa nyuma.

Nyaraka nazo huzeeka

Pikipiki inaweza kuwa nzima kila mahali na bado ikazuiwa kwa sababu ya karatasi. Namba ya chesisi na namba ya injini hulinganishwa na zilizoandikwa kwenye kadi ya usajili. Injini iliyobadilishwa bila taarifa kutolewa huleta namba mbili zisizopatana, na kutu au rangi huweza kuifunika namba ya chesisi isisomeke.

Tatizo jingine ni umiliki. Pikipiki iliyouzwa mara tatu kwa kupeana mikono hubaki na jina la mmiliki wa kwanza. Siku ya ajali, au ya kudai fidia ya bima, mwenye pikipiki hawezi kuthibitisha kwamba ni yake. Kubadilisha umiliki hufanyika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na mnunuzi anapaswa kudai mkataba wa mauziano na kadi halisi siku ileile anapotoa fedha, pamoja na kuwa na namba yake ya mlipakodi. Kwa pikipiki inayobeba abiria kwa malipo, inahitajika pia leseni ya usafirishaji chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA. Dereva mwenyewe anatakiwa kuwa na leseni ya udereva ya daraja la pikipiki, na chombo kiwe na bima iliyo hai.

Nusu saa kabla ya ukaguzi

Mmiliki anaweza kujua nyumbani kwake kama pikipiki itapita. Hatua zifuatazo hazihitaji kifaa cha pekee:

1. Washa taa zote, kisha bonyeza breki ya mkono na ya mguu kwa zamu. Taa ya breki iwake kwa kila moja.
2. Bana breki ya mbele na usukume pikipiki mbele na nyuma. Mtikisiko katika shingo ya usukani ni dalili ya beringi kulegea.
3. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, mtu akandamize nyuma ili gurudumu la mbele liinuke, kisha geuza usukani. Uende bila kunasa.
4. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo. Iliyolegea hutoa mlio mfu.
5. Tazama alama za uchakavu ndani ya mifereji ya tairi. Kashata za tairi zikilingana nazo, tairi limekwisha.
6. Pima ulegevu wa cheni katikati ya upande wa chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo, milimita 20 hadi 30 zinatosha.
7. Safisha fremu kwa maji na brashi, kisha kagua maungio ya siti, keria na shokapu. Ufa hujionyesha kama mstari mwembamba wa kutu.
8. Linganisha namba ya chesisi na kadi, na tazama tarehe ya mwisho ya bima.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Balbu, swichi ya breki na jozi ya shuu ni ufa unaozibika kwa kipato cha siku chache. Fremu iliyokatika katikati ya mteremko, huku mama mjamzito akiwa nyuma, ni ukuta ambao familia haiwezi kuujenga upya. Mmiliki anayefanya ukaguzi wake mwenyewe kila mwezi hana sababu ya kuuogopa ule wa askari, hata kama pikipiki yake ina umri mkubwa kuliko dereva anayeiendesha.