Tone Linalofuata Hewa Haliendi Unakolituma

Vijana wenzangu wa shamba, msimu wa dawa ya magugu umeanza na simu za malalamiko nazo zimeanza. Juzi nimekagua nyanya zilizojikunja majani. 2,4-D imetoka kwenye mahindi ya jirani. Mwenye nyanya anataka kulipwa, na aliyepulizia anaapa asubuhi ile hakukuwa na upepo. Namwamini, na ndipo tatizo lilipo.

Kuna wataalamu ambao kazi yao ni kupima mwendo wa hewa. Kwa vile hewa haionekani, wanaitia matone ya mafuta, hata ya zeituni. Chombo chao kimoja kinaitwa nozeli ya Laskin: mrija wenye vitundu vya kama milimita 1 unazamishwa kwenye mafuta, kisha hewa ya presha inasukumwa humo. Mapovu yanapanda yakiwa na matone ndani. Bamba lililo juu linanasa makubwa, madogo yanapita. Yanayotoka yana upana wa maikroni 1 hivi, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Yanamulikwa kwa leza iliyotandazwa kama karatasi, kamera inapiga picha mbili chapchap, kompyuta inapima yamesogea kiasi gani. Maji hawatumii sana, maana tone dogo hivyo hukauka upesi.

Wanataka tone dogo kwa sababu halibishani na hewa. Hewa ikikata kona, nalo linakata. Sisi tunataka kinyume chake! Kwenye hewa tulivu, tone la maikroni 10 linashuka mita 1 kwa zaidi ya dakika 5. La 100, kama sekunde 4. La 200, sekunde moja na nusu hivi. Ule ukungu mwembamba mnaousifia kwamba "umefunika vizuri" una mengi ya hayo madogo, na ukizidisha presha unayaongeza.

Kwa dawa ya magugu, toa nozeli ya koni, weka ya feni yenye matone makubwa, punguza presha, shusha mkono.

Na ile asubuhi tulivu? Hewa baridi ikiwa imelala chini, matone madogo yanaelea ndani yake na kuhama nayo polepole mpaka kwa jirani. Washa majani kidogo pembeni pasipo na hatari ya moto. Moshi ukitambaa chini bila kupanda, bomba libaki stoo mpaka jua lipande na upepo mwepesi uelekee pasipo na mazao ya mtu.