Je, Wajua Upanga wa Kale wa Kijapani Hutambuliwaje?

Upanga wa kale wa Kijapani huchunguzwa ukiwa umevuliwa kila kitu. Ala yenye laka, mpini uliofungwa nyuzi juu ya ngozi ya taa na kinga ya mkono iliyonakshiwa ni mavazi tu, nayo hubadilishwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, maofisa kadhaa wa jeshi la Japani waliuvika upanga wa mababu zao mpini na ala za kijeshi zilizotoka kiwandani; na ala za kifahari nazo zimewahi kuficha chuma cha hovyo. Kwa hiyo mchunguzi hung'oa kigingi cha mianzi kinachobana mpini, akausimamisha upanga kwa mkono wa kushoto, kisha akakipiga kifundo cha mkono huo kwa ngumi ya mkono wa kulia. Baada ya mapigo machache msuka, yaani sehemu ya chuma iliyo ndani ya mpini, hulegea, na upanga hutoka.

Huanza na umbo. Kipimo cha jadi ni shaku, takriban sentimita 30.3. Upanga unaozidi shaku mbili ni tachi au katana, ulio kati ya moja na mbili ni wakizashi, na usiofika moja ni tanto. Tachi ilikuwa silaha ya mpanda farasi, ndefu na yenye mpindo mkubwa, ikining'inia kiunoni makali yakitazama chini. Katana ilichomekwa mshipini makali yakiwa juu. Wafua panga walizoea kuchonga jina upande unaotazama nje upanga unapovaliwa, hivyo jina la tachi na la katana kwa kawaida hukaa pande zinazopingana. Kwa umri, wataalamu hutenga panga za koto, zilizofuliwa kabla ya 1596 hivi, za shinto zilizofuata hadi karibu 1780, na za shinshinto hadi 1876, mwaka serikali ya Meiji ilipopiga marufuku kuvaa panga hadharani. Panga za koto hugawanywa tena katika mapokeo matano: Yamato, Yamashiro, Bizen, Soshu na Mino.

Baada ya umbo hutazamwa chuma. Chuma hicho, tamahagane, hutokana na mchanga wa chuma unaochomwa kwa mkaa siku tatu, usiku na mchana, katika tanuri la udongo liitwalo tatara. Tatara moja ilifufuliwa mkoani Shimane mwaka 1977 na bado huwashwa majira ya baridi. Donge linalopatikana huvunjwa, vipande hupangwa, hufuliwa na kukunjwa tena na tena. Mikunjo 15 hutoa tabaka zaidi ya 30,000. Uvumi umetia chumvi nyingi hapa. Kukunja huondoa takataka na kusawazisha kaboni, basi. Lakini kwa mtambuzi kuna faida nyingine, kwa kuwa tabaka huacha alama kwenye bapa mithili ya mbao iliyorandwa, na mistari iliyonyooka, kwa mfano, humwelekeza Yamato.

Sehemu inayosema mengi zaidi ni hamon, mstari mweupe kando ya makali. Kabla ya kuuchovya upanga majini, fundi huupaka udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali. Makali hupoa ghafla yakawa magumu, mgongo ukapoa taratibu na kubaki mnyumbufu. Chuma kinachogeuka kigumu huvimba kidogo, na ndiyo sababu upanga hujipinda ukiwa ndani ya maji. Ukielekezwa kwenye taa moja, mstari huo huonekana umejaa chembe: zile kubwa zinazometameta moja moja huitwa nie, nazo ni fahari ya Soshu, zile ndogo zinazofanana na ukungu huitwa nioi, na huhusishwa na Bizen. Mafundi wa Bizen wa karne ya 13 walipenda hamon ya choji, yaani vichwa vya karafuu vilivyopangwa safu, umbo ambalo mchumaji wa Pemba angelitambua bila kuambiwa. Nakala za bei rahisi huchorwa mstari huo kwa tindikali, na chini ya taa hauna chembe hata moja.

Jina huachwa hadi mwisho. Wauzaji walijua tangu zamani kwamba jina kubwa huuza, na sahihi za Nagasone Kotetsu, fundi wa Edo wa karne ya 17, zimeghushiwa mno. Kwa upande mwingine, tachi nyingi zilifupishwa kwa kukatwa upande wa msuka, na jina likaenda na kipande kilichotupwa. Karibu panga zote ndefu anazohesabiwa Masamune, bingwa wa Soshu, hazina sahihi. Hapo hubaki msuka wenyewe, alama zake za tupa, idadi ya matundu ya kigingi, na rangi ya kutu. Kutu ya karne kadhaa ni nyeusi, laini na imetulia. Kutu ya juzi ni nyekundu na huchafua vidole. Anayeisugua ili jina lisomeke vizuri huwa amefuta ushahidi na sehemu kubwa ya thamani. Ukoo wa Honami uliwatolea watawala hati za utambuzi kwa vizazi vingi. Leo kazi hiyo hufanywa hasa na NBTHK, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1948, ambayo hati zake hupanda kutoka Hozon hadi Tokubetsu Juyo.

Kasoro hazina uzito sawa. Kijishimo bapani huvumilika. Ufa unaokatiza makali humaliza upanga, hata wa bingwa. Kunoa ni kazi ya fundi maalumu inayochukua wiki kadhaa, na kila mara hula chuma kisichorudi.

Vifaa vya upanga ni uwanja wake wenyewe wa kukusanya, mara nyingi kwa fedha kidogo zaidi. Ukoo wa Goto, ulioanzishwa na Yujo (1440–1512), uliwahudumia mashoguni kwa vizazi, ukinakshi shakudo, shaba yenye dhahabu kidogo inayokolezwa hadi iwe nyeusi yenye ubuluu. Soko lilipokufa baada ya 1876, kinga za mkono, tsuba, zilisafirishwa Ulaya na Marekani kwa wingi. Tsuba ya kumimina hujifichua kwenye kuta za matundu yake, penye vishimo vya hewa au mshono wa kalibu badala ya alama za patasi.

Upanga hutunzwa katika ala ya mbao tupu na kupakwa mafuta mepesi, ambayo kwa jadi yana harufu ya karafuu. Nchini Japani kila upanga wa jadi una cheti cha usajili kinachoufuata upanga wenyewe, si mwenye nao. Panga za kiwandani za wakati wa vita, zikiwemo zile za maofisa wadogo wasio na kamisheni zenye namba iliyogongwa kwenye bapa, hazisajiliwi huko, hata zikinunuliwa kwa bei kubwa nje.