Kifungo cha Nje Si Kifungo

Wahenga walinena kwamba maneno huumba. Ni nadra kupata mahali ambapo hekima hiyo hudhihirika kuliko mahakamani, kwani huko neno moja huweza kumjenga mtu au kumbomoa. Leo ningependa tulitazame jina moja ambalo sote tumelizoea, nalo ni "kifungo cha nje".

Sheria ya Probesheni, ambayo ni Sura ya 64 ya Sheria za Kenya, ilianza kutumika mwaka 1946. Humruhusu hakimu, baada ya kuzingatia umri wa mkosaji, tabia yake, mazingira ya kwao, afya yake na aina ya kosa, kumwachilia akakae kwao chini ya afisa wa probesheni. Muda wenyewe haupungui miezi 6 wala hauzidi miaka 3. Mtu huyo hakufungwa. Amepewa amri mahali pa kifungo, naye mwenyewe ameridhia kuifuata. Hata hivyo, akitoka tu mlangoni, watu husema: "Fulani kafungwa kifungo cha nje."

Je, jina lina madhara gani? Tuchukue mfano wa kijana wa Kizingitini, katika kisiwa cha Pate, aliyeiba mashine ya mashua. Mjini Mombasa angeweza kuhamia mtaa mwingine akaanza upya. Pate haina mtaa wa kujifichia. Kuanzia Faza hadi Siyu, habari hutangulia mwenyewe. Akishaitwa mfungwa, nahodha hamchukui tena baharini, mwenye duka hamkopeshi, na wazazi wa mchumba hurudisha maneno. Kijana asiye na kazi wala heshima atarudia nini ila wizi? Hapo amri iliyokusudiwa kumwokoa huwa imeangushwa na jina lake.

Fauka ya hayo, Lamu ni mji unaolijua gereza kwa macho. Ngome iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, kandokando ya soko, ilitumika kuwa jela hadi mwaka 1984. Leo ni jumba la makumbusho, lakini wazee wangali wanakumbuka minyororo na funguo. Mtu akisikia neno "kifungo", picha inayomjia ni ile ya kuta nene za mawe.

Lugha za wenzetu zilichagua picha nyingine. Jina la Kiingereza tulilolitohoa likawa "probesheni" lina asili ya Kilatini, na maana yake ni kujaribu na kuthibitisha. Neno litumiwalo kwa mfungwa anayeachiliwa kwa masharti kabla ya muda wake, yaani "parole", ni la Kifaransa: maana yake ni neno, kwa maana ya ahadi ya mwungwana. Sisi tusemao kwamba ahadi ni deni ndio tuliopaswa kulielewa jambo hili upesi zaidi!

Sasa tumtazame afisa mwenyewe. Kabla ya hukumu, mahakama humtaka aandike ripoti. Huenda kwa wazazi, kwa chifu, kwa wazee wa mtaa na kwa aliyetendewa kosa, akauliza na kusikiliza. Baada ya amri kutolewa, humtembelea mkosaji na kumshauri. Huwapokea pia vijana watokao katika taasisi ya Borstal ya Shimo la Tewa. Katika visiwa vya Lamu kazi hii hufanywa kwa mashua. Anayekwenda Faza hupita mkondo wa Mkanda, nao maji yakitoka haupitiki kwa urahisi. Kusi likivuma, bahari huchafuka. Na mkosaji ambaye ni mvuvi huenda yuko baharini siku ile ile aliyotakiwa kuripoti. Asiyeyajua maji na pepo ataandika kwamba kijana amekaidi amri, kumbe kijana anangoja bamvua.

Hapo ndipo lugha inapokuwa suala la uhuru wa mtu. Kanuni ya Mwenendo wa Mashtaka husema kwamba lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 50, inadai kwamba mshtakiwa apewe habari kwa lugha anayoielewa. Aghalabu husemwa: "Huyu ni Mswahili, anaelewa." Anaelewa Kiswahili kipi? Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja. Mtu wa Amu husema "ndia" kwa njia, "moya" kwa moja na "mato" kwa macho, na Mbajuni ana Kitikuu chake. Tofauti za sauti ni jambo dogo. Tatizo kubwa ni msamiati wa sheria, ambao ni mgeni kwa wote. Maneno ya nyanya mzaa mama, yaliyojaa uchungu na matumaini, hutiwa katika Kiingereza cha ripoti yakabaki mistari miwili mikavu.

Wapo watakaosema kwamba probesheni ni kuwabembeleza wezi. Hoja hiyo haipuuziki, kwani aliyeibiwa mashine ameibiwa riziki ya watoto wake. Lakini amri hii si msamaha mtupu. Akiivunja, mkosaji hurejeshwa mahakamani na kuadhibiwa kwa kosa lile lile la kwanza. Na tangu Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998, mahakama inaweza pia kumtaka mkosaji afanye kazi ya umma bila ujira. Kijana apandaye mikoko ufuoni mwa kwao, mbele ya macho ya waliomlea, analipa deni ambalo jela isingemlipisha.

Mapendekezo yangu ni mawili. Kwanza, tuliache jina "kifungo cha nje" na tuseme "uangalizi". Kuangalia ni kutupia jicho, na pia ni kutunza, kama tusemapo kuwaangalia wazee. Maana zote mbili zimo katika kazi ya afisa huyu. Pili, amri ziandikwe kwa Kiswahili chepesi, na mkosaji aombwe azieleze kwa maneno yake mwenyewe kabla hajaziridhia.

Nanyi walimu, zoezi la tafsiri mnaloweza kulitoa darasani ni hili: wapeni wanafunzi amri ya mahakama, waiandike ili mvuvi wa Kizingitini aielewe mara moja. Atakayefaulu atakuwa amefanya zaidi ya kupata alama.