Mtandao Ukikatika Benaco

Benaco, wilayani Ngara, mwaka 1994 palikuwa na kambi kubwa ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo ni njia ya malori yaendayo mipaka ya Rusumo na Kabanga. Tuseme dereva anasoma kwenye simu orodha ya karatasi za forodha, mara mtandao unakatika. Programu ya wavuti iliyotengenezwa vizuri haimwachii ukurasa mtupu. Hufunguliwa kwa kivinjari tu, na kurasa alizokwisha kuzisoma hubaki zimehifadhiwa ndani ya simu. Lakini lazima imwambie wazi kwamba habari hizo ni za siku gani. La sivyo, ataamini orodha iliyopitwa na wakati na kulala mpakani. Mtengenezaji, usiijaribu kazi yako ofisini tu, ijaribu njiani.