Je, Wajua? Riruta kuna chuo cha mapadri chenye jina la rais wa Saiprasi

Chuo cha mapadri wa Kiothodoksi kilichoko Riruta, jirani na Kawangware jijini Nairobi, kina jina la Askofu Mkuu Makarios wa Tatu. Huyu alikuwa pia rais wa Saiprasi. Mwaka 1956 Waingereza walimpeleka uhamishoni Shelisheli.

Na Uothodoksi ulifikaje Kenya? Ule wa Wakikuyu ulichipuka kwenye ugomvi wa 1929. Wamisionari waliwataka waumini waape kuikana tohara ya wasichana, wengine kwa alama ya kidole gumba. Maelfu waligoma. Agano Jipya la Kikuyu lilikuwa limetoka 1926. Walilisoma wenyewe, katazo hilo hawakuliona. Wakajitoa, wakajenga shule na makanisa yao.

Nani basi awawekee makasisi wao mikono? Mwaka 1935 alifika Askofu Daniel William Alexander wa kanisa la Kiafrika la Kiothodoksi kutoka Afrika Kusini, akawawekea mikono.

Kilichofuata ni kioja hasa. Watu hao waliokataa amri ya misheni walipokewa mwaka 1946 na Upatriaki wa Aleksandria, mojawapo ya mamlaka kongwe kabisa za Ukristo!

Na tohara yenyewe? Leo huitwa ukeketaji, na sheria ya Kenya ya 2011 inaipiga marufuku.