Mahesabu yanayookoa picha katika mvua ya Mwanza

Kibanda umiza kimoja cha Kirumba, saa mbili usiku, kimejaa hadi mlangoni. Mechi ya Ligi Kuu imebakiza dakika chache, na mawingu yaliyojikusanya juu ya ziwa tangu magharibi yameanza kunguruma. Matone ya kwanza yanagonga bati. Picha inapasuka vigae vigae: kichwa cha kipa kinabaki kushoto, miguu imehamia kulia, sauti inakwaruza, kisha kila kitu kinaganda. Watu wanapiga kelele. Baada ya sekunde tatu picha imerudi, safi kana kwamba hakuna lililotokea, ila mpira umeshavuka nusu ya uwanja.

Wenye kibanda watalaumu dishi, wengine watalaumu kampuni, na mmoja atasema king'amuzi kimechoka. Ukweli ni kwamba king'amuzi kilikuwa kimefanya kazi kubwa hata kabla ya picha kuganda. Mvua iliyokuwa ikisogea ilishaanza kuharibu data dakika kadhaa nyuma, na muda wote huo kifaa kile kidogo kilikuwa kikiyatafuta makosa na kuyasahihisha, maelfu kwa maelfu kila sekunde, bila mtu yeyote kugutuka. Picha iliganda pale makosa yalipokizidi nguvu.

Wakazi wengi wa Mwanza walilazimika kuishi na ufundi huu kuanzia Februari 28, 2013, siku mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa jijini humo. Dar es Salaam ilikuwa imetangulia Desemba 31, 2012, tarehe ambayo nchi za Afrika Mashariki zilikuwa zimejiwekea, wakati ukomo wa makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006 ulikuwa Juni 17, 2015. Tanzania ikawa ya kwanza katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanza kuzima. Manung'uniko yalikuwa mengi, hasa juu ya bei ya ving'amuzi, na yalikuwa na haki. Lakini katika kelele zile za bei, jambo moja halikuelezwa vya kutosha: kwa nini picha ya dijitali haina chenga, na kwa nini ikiharibika huharibika ghafla.

Kwenye analojia, mng'ao wa kila nukta kwenye skrini ulifuata nguvu ya wimbi lililofika kwenye antena. Wimbi likichafuka kidogo, picha nayo ilichafuka kidogo. Mtu wa Sengerema aliyekuwa mbali na mnara aliangalia taarifa ya habari katikati ya chenga, akazizoea. Dijitali haitumi mng'ao. Inatuma biti, yaani mfululizo wa 0 na 1, na king'amuzi kina swali moja tu la kujibu kwa kila biti: hii ni 0 au 1? Radi, injini ya bodaboda iliyopita chini ya dirisha, au mvua kubwa, vinaweza kuigeuza 0 ikasomeka 1. Na kwa kuwa picha imebanwa ili ichukue nafasi ndogo, biti moja iliyopotoka inaweza kuharibu kipande kizima cha skrini.

Simu hulitatua tatizo hili kirahisi. Ujumbe ukifika umeharibika, simu huomba utumwe tena, kama mvuvi aliye katikati ya ziwa anavyopaza sauti: "Unasemaje? Rudia!" Televisheni haina nafasi hiyo. Mnara mmoja unasema na maelfu ya nyumba kwa wakati mmoja, na hakuna nyumba inayoweza kuujibu. Kwa hiyo anayetangaza analazimika kutuma dawa pamoja na picha, kabla ugonjwa haujaonekana.

Dawa hiyo inaeleweka vizuri ukienda soko la dagaa la Mwaloni, Kirumba. Chukua karani anayeandika magunia yaliyopokelewa kutoka visiwa vitatu kwa siku tatu. Ukerewe: Jumatatu 4, Jumanne 7, Jumatano 5. Ukara: 6, 3, 8. Kome: 2, 9, 4. Karani mwangalifu huongeza jumla. Mwisho wa kila mstari ataandika 16, 17 na 15. Chini ya kila siku ataandika 12, 19 na 17. Kona ya mwisho ataweka 48, ambayo hutoka sawa ukijumlisha kwa kwenda pembeni au kwa kushuka chini.

Sasa daftari limeangukia majini, na ile 3 ya Ukara siku ya Jumanne imevuja wino ikasomeka 8. Mwenye mali hakuwapo siku hiyo na hana wa kumuuliza. Anajumlisha. Mstari wa Ukerewe uko sawa, wa Kome uko sawa, ila wa Ukara unatoa 22 wakati pembeni pameandikwa 17. Anashuka kwa siku: Jumatatu sawa, Jumatano sawa, Jumanne inatoa 24 badala ya 19. Mstari wa Ukara na safu ya Jumanne vinakutana mahali pamoja, na pande zote mbili zimezidi kwa 5. Anatoa 5 kwenye 8, anapata 3. Kosa limeonekana, limejulikana lilipo, limesahihishwa, na hakuna aliyepiga simu Ukara.

Hilo ndilo wazo lote. Karani aliandika namba saba za ziada ambazo hazikumwongezea hata gunia moja, na namba hizo ndizo zilizookoa hesabu. Katika televisheni, ziada hiyo ni biti za ukaguzi. Badala ya jumla ya magunia, mashine huangalia kama idadi ya 1 katika kundi fulani la biti ni shufwa au witiri.

Aliyeweka msingi wa kazi hii ni Richard Hamming, mwanahisabati wa Marekani katika maabara za Bell. Alikuwa akiiachia kompyuta kazi ya kufanya mwishoni mwa wiki. Kompyuta ile ilijua kugundua kosa, lakini ikishaligundua ilikuwa inaitupa kazi hiyo na kuhamia nyingine, na Jumatatu Hamming alikuta hakuna jibu. Akajiuliza: kama mashine inaweza kujua kwamba pana kosa, kwa nini isijue lilipo na kulirekebisha? Mwaka 1950 alichapisha jibu lake. Miaka miwili kabla, mwenzake Claude Shannon alikuwa amethibitisha kwamba kila njia ya mawasiliano ina kiwango cha ukomo, na kwamba ukituma chini ya kiwango hicho makosa yanaweza kupunguzwa hadi karibu na kuisha, hata njia iwe na kelele namna gani. Shannon alithibitisha kwamba jambo hilo linawezekana. Hakuonyesha namna ya kulifanya.

Namna ilikuja, ikasahauliwa, ikarudi. Mwaka 1960 Robert Gallager, mwanafunzi wa udaktari katika chuo cha MIT, aliandika tasnifu juu ya misimbo (mipango ya biti za ukaguzi) ambayo leo huitwa LDPC. Ndani yake yamo makaguzi mengi mno, lakini kila ukaguzi hugusa biti chache tu. Biti yenye mashaka huulizia kwenye makaguzi yake, makaguzi huulizia kwa biti nyingine, na habari huzunguka raundi kwa raundi, mashaka yakipungua, hadi wote wakubaliane. Ni kama mtaa unaotafuta mtoto aliyepotea: hakuna anayejua yote, kila mmoja anajua majirani zake, na wakizungushiana habari mtoto hupatikana. Kompyuta za wakati ule zilikuwa dhaifu mno kwa kazi hiyo, na karatasi za Gallager zikakaa zaidi ya miaka 30 bila watu wengi kuzijali, hadi David MacKay na Radford Neal walipozifufua katikati ya miaka ya 1990. Gallager aliona mbali kuliko vyombo vya zama zake.

Leo kazi hiyo iko ndani ya king'amuzi cha DVB-T2, mfumo wa utangazaji wa ardhini ambao jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwamo, iliuchagua mwaka 2010. Biti hufungwa katika fremu za biti 64,800. Mnara ukiwa umepangwa kwa kiwango cha theluthi mbili, biti 21,600 kati ya hizo ni za ukaguzi tu, hazibebi sura ya mtangazaji wala sauti yake. Zile 43,200 zilizobaki nazo zina ziada nyingine ndogo iitwayo BCH, inayopita mwishoni kama ufagio na kuzoa makosa 10 au 12 yaliyoiponyoka LDPC katika fremu. Dishi za kisasa za mfumo wa DVB-S2 hutumia jozi hiyo hiyo.

Lakini ziwa nalo lina vituko vyake. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na dhoruba zake hupenda usiku. Radi haiharibu biti moja hapa na moja pale. Hupiga kwa mkupuo, ikafuta biti nyingi zilizofuatana. Turudi kwa karani: maji yakimwagika kwenye kona ya ukurasa, namba nne au tano za jedwali moja zinafutika kwa pamoja, na jumla zake hazitoshi tena kuziokoa. Karani mjanja angezitawanya namba za kila jedwali katika kurasa nyingi za daftari kwa mpango maalumu. Kona ikilowa, kila jedwali limepoteza namba moja tu, na moja inasahihishika. Mitambo ya utangazaji hufanya hivyo hasa: huchanganya biti kabla ya kuzirusha, na king'amuzi huzipanga upya kabla ya kuanza kukagua.

Kuna pia mawe. Mwanza imejengwa juu ya vilima vya miamba ya matale, na wimbi linalotoka mnarani hufika nyumba ya Mabatini au Igogo kwa njia zaidi ya moja: moja kwa moja, na baada ya kugonga mwamba. Wimbi lililozunguka kilomita 1 zaidi huchelewa kwa mikrosekunde 3 na ushei. Kwenye analojia, ucheleweshaji huo ulitosha kumwekea mtangazaji kivuli cha pili kando yake. Maji nayo huakisi. Kwa nyumba iliyo ng'ambo ya ghuba, wimbi la moja kwa moja na lililogusa uso wa ziwa hukutana kwenye antena, na kwa kuwa urefu wa wimbi la UHF, linalobeba picha hizi, ni takriban nusu mita, kuisogeza antena juu au chini kunaweza kuyafanya mawimbi hayo yasaidiane au yauane. DVB-T2 huacha pengo dogo la muda kati ya fungu moja la biti na jingine ili mwangwi uingie humo na kufia humo. Kinachopenya, misimbo hukisahihisha.

Ulinzi huu una bei. Kila biti ya ukaguzi imekaa mahali ambapo ingekaa biti ya picha. Mwenye mitambo akiongeza ulinzi, anafika mbali zaidi lakini chaneli zinapungua. Akiupunguza, anajaza chaneli nyingi lakini nyumba za pembezoni zinakosa. Nchini Uingereza, mfumo huu ukiwa kwenye kiwango cha theluthi mbili hubeba zaidi ya biti milioni 40 kwa sekunde katika nafasi ambayo zamani ilichukua kituo kimoja cha analojia. Watu wa visiwani wana haki ya kujua kwamba uamuzi huu unafanywa na binadamu, kwa mizani ya biashara na huduma, na kwamba unaweza kufanywa kwa namna nyingine.

Ulinzi huu una genge lake pia, mahali unapokatika ghafla. Mawimbi yakidhoofika polepole, misimbo huendelea kurekebisha na picha hubaki safi kabisa, kiasi kwamba mwenye nyumba hajui kwamba amekaribia ukingo. Kisha kushuka kwa desibeli moja tu kunatosha kumtoa kwenye picha kamili hadi skrini tupu. Mtu wa chenga alipata onyo. Mtu wa dijitali halipati, asipolitafuta mwenyewe.

Pa kulitafuta papo. Kwenye menyu ya king'amuzi kuna mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Mafundi wengi huangalia ule wa nguvu, wakaongeza busta, wakaondoka. Busta hukuza kelele pamoja na mawimbi, na misimbo haisaidiwi na kelele iliyokuzwa. Mstari unaoonyesha ni kiasi gani umekaribia genge ni ule wa ubora. Anayefunga antena Nyegezi, Igoma au Ukerewe ausimamie huo, aisogeze antena taratibu hadi ubora ufike juu kabisa siku ya jua, abadilishe waya ulioliwa na kutu kwenye maungio, na azibe maungio hayo yasiingie maji. Antena ya UHF haisumbuliwi sana na mvua yenyewe. Ni maji ndani ya waya yanayoiua. Dishi ni tofauti: mawimbi yake yana urefu wa sentimita 2 hadi 3 tu, na matone makubwa huyameza. Mwenye dishi alielekeze kwa usahihi wakati wa kiangazi, asiridhike kwa kuwa picha imeonekana tu, kwa sababu ile akiba ya ubora anayoiacha siku hiyo ndiyo misimbo itakayoitumia usiku wa mvua.